Jinsi ninavyoibana injini ya sataranji ikubali sare

Mwisho wa mchezo ukishafungwa, alama ya injini si hukumu. Stockfish, injini maarufu ya bure, inaweza kukaa kwenye +3 (faida ya kama askari watatu) muda mrefu huku upande wenye nguvu hauna pa kupitia. Alama hiyo inatokana na kazi mbili. Kuna mtandao wa neva, NNUE, ulioingizwa kwenye toleo la 12 mwaka 2020, ambao hutazama vipande vilivyoko ubaoni na kukisia nani amemzidi mwenzake. Halafu kuna utafutaji, unaopiga hatua mbele na kurudi. Mtandao unamwona askofu wa ziada. Utafutaji nao kila ukifika ukomo wake unamkuta askofu yuleyule, hakuna kilicholiwa, basi alama inabaki ilipo. Hakuna aliyeuliza kama tumesogea. Swali hilo huwa naliuliza mwenyewe, na njia zangu ni hizi.

Kwanza majedwali ya Syzygy, kazi ya Ronald de Man. Humo hamna kukisia: mpangilio umeshatatuliwa hadi mwisho, kuanzia vipande 3 hadi 7, wafalme wakihesabiwa. Majedwali ya vipande 3 hadi 5 yanachukua karibu GB 1, na hayo kila mchezaji makini angekuwa nayo. Ya vipande 6 yanafika takribani GB 150. Ya 7 yanazidi TB 16, na hayo nayatazama bure kwenye tovuti ya Lichess, hakuna sababu ya kuyapakua.

Kila jedwali lina faili mbili, kwa mfano KRPvKR.rtbw na KRPvKR.rtbz (mfalme, ngome na askari dhidi ya mfalme na ngome). Ya kwanza inasema ni ushindi, sare au kushindwa, na injini huisoma wakati inatafuta. Ya pili inapima umbali hadi kipande kiliwe au askari asogee. Anayepakua .rtbw peke yake ili kuokoa nafasi huishia na injini inayojua imeshinda lakini inazunguka bila kumaliza. Chukua zote mbili, na uziweke kwenye SSD. Diski ya zamani inayozunguka hupunguza sana kasi ya utafutaji.

Kuhakikisha yamesomwa, ninafungua Stockfish kwenye dirisha la amri na kuandika (FEN ni mstari wa maandishi unaoeleza mpangilio wa ubao):

setoption name Hash value 1024
setoption name SyzygyPath value D:\syzygy
position fen 7k/8/8/6KP/8/3B4/8/8 w - - 0 1
go depth 25

Huyu ni askofu wa miraba myeupe na askari wa safu ya h, wakati h8 ni mraba mweusi, kwa hiyo mfalme wa kona hang'oki. Sare hii injini inaweza kuijua hata bila majedwali, ndiyo maana sitazami alama bali neno tbhits, yaani idadi ya mara majedwali yaliposomwa. Likibaki 0, njia ya folda imekosewa. Ukiwa na folda mbili, Windows hutenganisha kwa nukta mkato na Linux kwa nukta pacha. Hapo ndipo wengi hukwama.

Kazi ngumu ni maboma, yaani mipangilio ambayo mnyonge anajifungia na mwenye nguvu hana pa kupenya, yenye vipande vingi kuliko majedwali yanavyofika. Mfano ninaoupenda ni ule uliotolewa na Penrose Institute mwaka 2017:

8/p7/kpP5/qrp1b3/rpP2b2/pP4b1/P3K3/8 w - - 0 1

Weusi wana malkia, ngome mbili na maaskofu watatu. Weupe wana mfalme na askari wanne. Itazame kwa karibu. Malkia wa a5 amezibwa kila upande na watu wake. Ngome zote mbili hivyo hivyo. Mfalme wa a6 hawezi kwenda b7 kwa sababu ya askari wa c6. Maaskofu wote watatu hutembea miraba myeusi, na askari wote wanne wa Weupe wamesimama kwenye myeupe. Weusi hawana cha kula wala askari wa kusogeza. Mfalme wa Weupe akitembea miraba myeupe tu, hakuna wa kumgusa.

Hapa natumia kihesabio cha hatua 50. Kwenye FEN, namba ya pili kutoka mwisho huhesabu nusu-hatua (mwendo wa upande mmoja) zilizopita tangu kipande kiliwe au askari asogee. Ikifika 100 ni sare. Badala ya 0 ninaandika 80:

ucinewgame
position fen 8/p7/kpP5/qrp1b3/rpP2b2/pP4b1/P3K3/8 w - - 80 90
go depth 40

Zimebaki nusu-hatua 20, umbali ambao injini inaufikia. Isipopata pa kuvunja, alama inaanguka 0.00. Amri ya ucinewgame si ya kuruka, kwani inafuta kumbukumbu ya utafutaji. Bila hivyo, alama za kihesabio cha 0 zinavuja na kuchafua jibu. Baadhi ya programu zinazoonyesha ubao kwenye skrini huirudisha namba hiyo kuwa 0 kimyakimya, ndiyo maana nashikilia dirisha la amri.

Jaribio hili linaweza kudanganya kwa njia mbili. Ikiwa mwenye nguvu bado ana askari wa kusogeza, injini itamsogeza ili kihesabio kianze upya, na alama itabaki juu. Basi napima kila msogeo na kila kula kama mpangilio mpya wenye 80 yake, mpaka misogeo iishe. Kinyume chake, ushindi wa kweli wakati mwingine hudai mzunguko mrefu wa mfalme kuliko hatua 10. Kwa hiyo 0.00 ya 80 naithibitisha kwa 60, na kina kikubwa zaidi.

Usihadaike pia na alama inayoshuka polepole unapocheza hatua moja moja. Matoleo ya karibuni ya Stockfish hupunguza makadirio kadiri kihesabio kinavyopanda, hadi karibu nusu kikikaribia 100. Hiyo ni hesabu iliyoandikwa ndani ya programu, injini haijagundua lolote. Dalili ninayoiamini zaidi ni MultiPV 5, mpangilio wa injini unaoonyesha hatua tano bora kwa pamoja, kwa upande wenye nguvu: hatua tano zikiwa na alama karibu sawa, na mistari yote ikienda mbele na kurudi, mpango hakuna.

Ukijitetea, usingoje injini ikupeleke bomani. Itakataa kutoa kipande kwa sababu -2 inaonekana bora kuliko -4, hata kama -4 ndiyo sare. Mimi hupanga boma lenyewe ubaoni kwa mkono, nalipima kwa 80 na 60, kisha narudi nyuma hatua moja moja kutafuta njia ya kuliingia.