Siku Jangwani Ilipofungwa

Maziwa yalianza kushuka nikiwa Faya, upande wa mjini wa Jangwani. Kwanza ule mchomo wa visindano vingi unaoanzia kwapani, halafu joto, halafu blauzi ikalowa upya. Mvua ilikuwa imeshanilowesha tangu Mtaa wa Msimbazi, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti. Mwanangu alikuwa na wiki kumi na siku mbili, yuko Magomeni, na kati yangu na yeye palikuwa na maji.

Mkazi wa Dar es Salaam haelezwi Jangwani. Kwa mgeni niseme tu kwamba ni bonde linalokatwa na Barabara ya Morogoro ukitoka mjini kwenda Magomeni, na mto Msimbazi hupita hapo ukitoka vilima vya Pugu kwenda baharini. Siku za kiangazi unaweza kuuvuka huo mto usijue kama umevuka kitu. Aprili 2018 kila mtu aliujua. Barabara haikuonekana, zilibaki nguzo za taa zimesimama katikati ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi, yamebeba magodoro, matenga, na mlango mzima wa mbao ambao kitasa chake niliuona kiking'aa. Polisi walishazuia njia. Mwendokasi imesimama, daladala zinageuza, na sisi mamia tumejipanga ukingoni tunaikodolea macho ng'ambo.

Nilikuwa nimeonywa. Asubuhi bibi mwenye nyumba alinikuta koridoni najifunga kanga ya pili.

"Mzazi, wapi tena?"

"Kariakoo, bibi. Naenda na kurudi."

Akatazama upande wa Pugu, ingawa kutoka uani kwetu kinachoonekana upande huo ni ukuta wa choo. "Hii mvua imekesha inanyesha kule juu. Mwaka ule wa watu wa Mabwepande ilianza hivihivi." Alikuwa anasema mafuriko ya Desemba 2011, yaliyofanya watu wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande. Mwaka huo mimi nilikuwa bado Songea, nayasikia redioni tu. Nikamwambia saa nne nitakuwa nimesharudi.

Kilichonitoa ndani ni hela ya mchezo. Tulikuwa wanawake kumi, elfu kumi kila wiki, na kijumbe alikuwa Mama Kulwa wa chumba cha tatu. Zamu yangu ilikuwa ya nane. Nilipojifungua, wenzangu wakakaa uani bila mimi, wakanisogezea karibu. Nilikuja kusikia baadaye kwamba kuna aliyenuna, na alikuwa na haki ya kununa, maana naye alikuwa na ada ya mtoto. Laki moja mkononi, na baba wa mtoto yuko Mtwara kwenye kibarua ambacho mshahara wake ulikuwa unakuja kwa maneno, nikaamua kuchukua madera machache ya jumla niyauze palepale mtaani, mtoto akiwa mgongoni. Hesabu yangu ilikuwa nzuri sana kwenye karatasi.

Mama Kulwa huyu (simtaji kwa jina lake, na kina Mama Kulwa ni wengi mno nchi hii kwa mtu kumtambua) alikuwa na pacha wa miezi saba, Kulwa wa kike na Doto wa kiume. Kulwa alikuwa na ziwa lake la kulia, Doto la kushoto, na ukiwakosea wanalia wote wawili. Mwanamke mwembamba, Mzaramo, ana sauti ya kuita daladala. Mama yangu mzazi alikaa nami wiki tatu, mahindi yakamwita Songea, akaondoka. Kuanzia siku ile ni Mama Kulwa aliyenikanda kwa maji ya moto, akiniambia nipige kelele nikitaka, mlango umefungwa. Ni yeye aliyekuwa akiniletea uji wa mtama wenye pilipili manga mpaka pua inatoka maji, anasimama hapo hapo mpaka nimalize kikombe. Wa chumba cha tano alikuwa anafua nepi. Bibi kazi yake ilikuwa kukosoa: mtoto kafungwa vibaya, mtoto kavikwa nguo nyingi, mtoto kavikwa nguo chache.

Kwa hiyo kumwachia mtoto saa mbili tu hakukuniumiza kichwa. Nilikamua nusu kikombe, nikafunika kwa kisahani, nikaweka na kijiko. "Akiamka mpe haya, nitakuwa njiani."

Simu iliita saa tano. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mwanangu, na haikuwa ile sauti ya njaa ninayoijua. Ilikuwa imeshakwaruza.

"Shoga, uko wapi?"

"Faya. Jangwani pamefungwa."

"Nusu amekunywa, nusu ameyatema. Kijiko hakitaki. Nimemtembeza, nimembeba, bibi kamwimbia, wapi." Halafu akashusha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. "Nimpe?"

Nilielewa anachouliza. Na sikujibu.

Sijui nilinyamaza kwa muda gani. Kwenye simu hata kupumua mara mbili ni kurefu. Nilichokuwa nakiona ni benchi la kliniki, siku ya chanjo ya wiki ya sita, na nesi aliyetupanga kwa mstari akituambia kwamba mtoto anyonye kwa mama yake tu, asinyonye kwa shangazi wala kwa jirani, na sote tunajua kwa nini. Sote tulikuwa tunajua. Kila mmoja wetu alipimwa wakati wa mimba, majibu yameandikwa kwenye kadi, na kadi kila mtu anaikunja upande wake.

"Mpe," nikasema.

"Haya," akasema. Chaji ikaisha.

Nilijibanza kwenye baraza la duka moja ambako mama ntilie alikuwa ameokoa sufuria zake. Nilikuwa nimekumbatia mikono kifuani, mfuko wa madera kati ya miguu. Aliniangalia kidogo, akauliza, "Wa miezi mingapi?"

"Umejuaje?"

"Hiyo mikono."

Hakusubiri nimweleze. Alitoa kanga, akaninyooshea kwa mikono miwili kama pazia, mgongo wake kwa watu, uso wake pembeni, akanipa kopo. Kifua kilikuwa kigumu kama kiazi kibichi. Yule anayedhani kukamua ni kubana tu hajawahi kukamua: unaanzia mbali, juu karibu na kwapa, unashuka taratibu, unaomba, na yakikubali yanatoka kwa nyuzi tatu nne kwa mpigo, yanagonga bati la kopo kama mvua ndogo ndani ya mvua kubwa. Kopo lilifika nusu. Kiasi kilekile nilichokuwa nimemwachia mwanangu kwenye kikombe, na safari hii hakuna wa kumpa. Mama ntilie alilichukua, akatoka nalo mvuani, akayamwaga kwenye shina la mti wala si kwenye lami. Sikumuuliza sababu. Akanimiminia chai, akakataa hela.

Nilisubiri maji yapungue mpaka karibu saa kumi. Hayakupungua. Wakaanza kuondoka watu kwa makundi, wanasema Salander kunapitika, nami nikafuata. Safari yenyewe siisimulii: Upanga, Daraja la Salander, Kinondoni, foleni isiyosogea na sisi tunaipita kwa miguu tukihesabu mabasi yaliyokwama. Mkwajuni maji yalikuwa magotini, tukavuka tumeshikana mikono na watu nisiowajua. Mkono wangu wa kushoto ulishikwa na kijana mmoja ambaye mara zote aliangalia mbele, na nadhani aliona hali ya blauzi yangu, na ninamshukuru mpaka leo kwa kuangalia mbele.

Nyumbani nilifika saa moja na nusu usiku. Umeme hakuna. Mlango wa chumba cha tatu ulikuwa wazi, simu imeegemezwa kwenye ndoo inamulika dari, na Mama Kulwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea kitanda, miguu ameinyoosha. Kulwa amelala kwenye paja moja. Doto amelala kwenye mguu mwingine, karibu na goti, amesogezwa kama mtu aliyenyang'anywa kiti. Mwanangu alikuwa kwenye ziwa la kushoto, amelala, mdomo wazi, tone limebaki kwenye kidevu. Kidole kimoja cha Mama Kulwa alikuwa amekikamata kwa ngumi.

"Usimwamshe," alisema. "Huyu ni mlafi. Umeniambia mtoto, hukuniambia fisi."

Bibi alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Aliinua mkono mmoja, vidole vyote vitano. "Tano," alisema. "Nimehesabu mwenyewe, na zote kashiba, ziwa kaliacha mwenyewe. Tano ndiyo yenyewe."

Mimi ni Mngoni wa kanisani, sikujua tano ni ya nini. Bibi akanieleza kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu: mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba, yule mwanamke ni mama yake, na watoto wake ni ndugu zake. Ndugu wa ziwa. Doto na binti yangu hawaoani.

"Basi harusi imekufa," akasema Mama Kulwa. "Na mahari nilikuwa nimeshaanza kuitafuta." Alikuwa amempigia mumewe Tunduma kumwambia, maana kwao mke hampi mtoto wa mwingine ziwa kimyakimya. Mumewe akasema anaulizwa nini wakati mtoto analia na yeye anamsikia.

Tulicheka. Nikambeba mwanangu, nikamshukuru Mama Kulwa kwa maneno yaleyale ambayo mtu humshukuru aliyemwazima chumvi, kwa sababu mengine hayakutoka. Nikaenda chumbani.

Na huko chumbani, mtoto amelala amejaa, mimi sikulala. Nilikaa namnusa. Alinuka udi, ule Mama Kulwa anaofukiza nguo. Sikupenda nilichokuwa nakifikiri, nikakifikiri usiku kucha. Nilikumbuka kila mara alipokohoa. Nilikumbuka wembamba wake, ambao kwa miezi yote niliuita wembamba wa kunyonyesha wawili. Nilipanga namna ya kumuuliza, kila namna nikaiona chafu. Mikono ya mtu huyu ilinikanda mwilini mahali ambapo hata mama yangu aligeuza uso.

Asubuhi mvua ilikuwa imekata. Nikiwa naanika madera kwenye kamba, mawili yameshachuja rangi yakawapaka na wenzao (niliyauza kwa bei ya kutupa, tuliache hilo), Mama Kulwa akaja na mfuko wa plastiki anamowekea karatasi zake zote.

"Shoga, hebu nisomee tarehe ya kliniki ya pacha. Macho yangu leo sijui yana nini."

Mama Kulwa alikuwa kijumbe. Daftari la mchezo, watu kumi, tarehe, nani kalipa na nani kachelewa, aliliandika yeye kwa herufi ndogo kama punje za ulezi. Macho yake hayakuwa na kitu.

Akakaa kwenye kigoda cha bibi, nami nikakaa pembeni yake, akatoa kadi ya Kulwa, akatoa ya Doto. Halafu akatoa yake mwenyewe, ya mimba, akaifungua, akaikunjua kwenye ukurasa ule, akaiweka juu ya zile mbili kwenye mapaja yangu. Hakusonta kidole. Alianza kuchambua mchele wa mtu mwingine uliokuwa hapo kwenye ungo.

Nilisoma. Alipimwa mara mbili, tarehe mbili tofauti, ya mwisho baada ya kujifungua. Mwandiko wa nesi ulikuwa mbaya lakini ulisomeka. Nilirudia mara mbili, na niliporudia mara ya pili nilijua kwamba anajua narudia.

"Umeona?" aliuliza, macho kwenye mchele.

"Nimeona."

"Haya. Tarehe?"

Ikabidi niitafute kweli sasa. "Jumatano ijayo. Wote wawili."

"Ahsante."

Nilitaka kusema kitu kuhusu ile simu ya jana, kuhusu kile kimya. Badala yake nikasimama, nikaingia ndani, nikatoka na pochi yangu. Kadi yangu ilikuwa humo, nilitembea nayo siku nzima ya jana, imelowa pembeni. Nikaanza kuifungua. Akaweka kiganja chake juu yake, akaikunja kama mtu anavyofunga mdomo wa mtoto anayetaka kusema jambo mbele ya wageni, akairudisha ndani ya pochi, akafunga na zipu.

Bomba la mtaa lilikuwa limeanza kutoa maji, tukasikia ndoo zinagombana nje. Akanyanyuka, akamchomoa Doto mgongoni, akanipa. Alikuwa mzito kuliko wangu mara mbili, ana moto wa usingizi, na hapohapo akaanza kusukumasukuma kifua changu kwa pua.

"Akilia mpe," Mama Kulwa alisema akiwa ameshanipa mgongo, akatoka na ndoo zake.