Lenga chini yake

Jana jioni maji yalikuwa yamekupwa, nikafuatana na mjomba kule Paje kuchoma samaki kwa mkuki. Fizikia hajaisoma hata siku moja, lakini kila akimwona samaki analenga chini yake. Nikamuuliza, "Mjomba, mbona unalenga mchanga?" Akajibu, "Huyo unayemwona hapo, hayupo hapo."

Jamani, si ndiyo ile mada tuliyokariri sekondari! Mwanga hewani husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya maji hupungua hadi kama 225,000. Mwanga ukitoka majini kwa mshazari unapinda, na jicho halina habari, linadhani umekuja moja kwa moja. Basi samaki anaonekana yuko juu kuliko alipo. Hata ukitazama wima, maji ya kina cha mita 1 yanaonekana kama sentimita 75 tu (wazazi, mtoto akisema "hapa ni kifupi", msimwamini). Ukitazama kwa upande, tofauti inazidi. Ndiyo maana mjomba, akipata nafasi, humnyatia samaki mpaka awe juu yake kabisa: kina bado kinadanganya, ila mstari haudanganyi.

Kwa kanuni ya kupinda huku kwa mwanga, vitabu vya shule vinampa sifa Snell, Mholanzi wa miaka ya 1620. Mwanahisabati Ibn Sahl wa Baghdad alikwishaandika kanuni hiyohiyo mnamo mwaka 984, na sisi hatukutajiwa hata jina lake.

Tulipata tasi wa kutosha kitoweo. Nilimsimulia mjomba habari za Ibn Sahl, akauliza kama naye alikuwa mvuvi.