Nilivyompeleka mdogo wangu kwenye studio za Harry Potter

Jambo la kwanza la kujua: mlangoni hawauzi tiketi. Studio ziko Leavesden, karibu na Watford, kaskazini-magharibi mwa London, na lazima ununue tiketi mapema mtandaoni huku ukichagua siku na saa ya kuingia. Likizo za shule zikikaribia, nafasi huisha mapema mno. Kwa hiyo mdogo wangu aliponithibitishia tarehe zake za kuja kutoka Tanga, kitu cha kwanza nilichonunua ni tiketi mbili za asubuhi, siku ya katikati ya wiki, wakati watoto wa huku wako madarasani.

Vitabu vya Harry Potter, yule mvulana mchawi, ndivyo vilivyotulea. Havikuwa vyetu, vilizunguka mtaani kwa kuazimana, na kimoja kilitufikia hakina kurasa za mwisho, tukabaki kubishana nani kapona na nani kafa. Leo mdogo wangu ni fundi cherehani. Nilitaka aone mahali ambapo ulimwengu ule ulishonwa, ukachongwa na kupakwa rangi, maana nilijua ataona vitu ambavyo macho yangu yangevipita tu.

Safari yenyewe haina taabu. Treni ya haraka kutoka stesheni ya Euston, London, hadi Watford Junction ni kama dakika ishirini, na nje ya stesheni linakungoja basi maalumu la kwenda studio. Fika kabla ya saa yako, kwani kuna ukaguzi wa mizigo na foleni.

Zamani hapo palikuwa kiwanda cha ndege. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wakiunda ndege za kivita aina ya Mosquito, na ni yale majengo makubwa yasiyo na nguzo katikati yaliyowavutia watu wa filamu. Filamu zote nane, kuanzia ile ya 2001 hadi ya 2011, makao yake yalikuwa hapo, na wageni walifunguliwa milango mwaka 2012.

Ziara huanza kwa kikundi, na milango ya Ukumbi Mkuu wa Hogwarts, shule ya wachawi ya kwenye hadithi, ikafunguka mbele yetu. Mdogo wangu alinishika mkono akaninong'oneza, "Dada, ni mawe kweli!" Kweli ni mawe. Sakafu ile iliwekwa mawe halisi ili istahimili miaka ya kukanyagwa na mamia ya watoto, vifaa na magari ya kamera. Dari ndiyo haipo, anga lile lilitengenezwa kwa kompyuta. Mishumaa inayoelea mwanzoni ilikuwa mishumaa ya kweli iliyoning'inizwa kwa nyaya, ila moto ukawa unakata nyaya na mishumaa inaanguka, ikabidi nayo ihamie kwenye kompyuta. Hapo ukumbini hamkai sana kwa sababu kikundi kingine kiko nyuma yenu. Angalia unachotaka kuangalia haraka. Baada ya hapo kila mtu anatembea kwa mwendo wake, na hakuna anayekufukuza.

Kwenye mavazi ndipo tulipokwama. Mdogo wangu alisimama mbele ya suti za waridi za Dolores Umbridge, yule mwalimu katili wa kwenye hadithi, hadi watu waliokuwa nyuma yetu wakatupita wote. Mbunifu wa mavazi hayo alikuwa Jany Temime, na rangi ya waridi ile inazidi kukolea kadiri mwanamke yule anavyozidi kupata madaraka. Nimeitazama filamu anayotokea mara nyingi na sikuwahi kuligundua hilo. Mdogo wangu aliinama akanionyesha jinsi begani palivyokaa bila kukunjika hata kidogo, jinsi ukosi ulivyotiwa kitambaa kigumu kwa ndani, na vifungo vilivyovikwa kitambaa kilekile cha suti. "Huyu fundi hakumwonea huruma," akasema. "Amemshonea nguo ya kumbana ili asimame vile." Kwangu mimi, sentensi hiyo ilitosha kulipia nauli na tiketi.

Kuna vitanda vya bweni la Gryffindor pia, analolala Harry shuleni. Vilitengenezwa kwa watoto wa miaka kumi na moja, na waigizaji walipokua ikabidi wajikunje ili miguu isionekane kwenye picha. Vitabu vilivyojaa rafu za ofisi ya Dumbledore, mkuu wa shule, vingi ni vitabu vya nambari za simu vilivyovalishwa majalada ya ngozi.

Katikati ya ziara kuna mkahawa. Ile bia ya siagi haina kileo, ni soda tamu yenye povu juu, kwa hiyo usiogope kumnunulia mtoto. Kwetu ilizidi utamu, tukagawana moja. Hapo karibu, nje, kuna basi la zambarau la ghorofa tatu na nyumba ya mtaa wa Privet Drive alikolelewa Harry.

Mwishoni utaingia chumba kikubwa chenye modeli ya kasri la Hogwarts, iliyojengwa kwa kipimo cha moja kwa ishirini na nne, upana wake kama mita kumi na tano. Timu ya watu 86 ndiyo iliyojenga ile ya kwanza. Ndani yake kuna taa ndogondogo zaidi ya 2,500, na mwanga wa chumba hubadilika kutoka mchana kuwa usiku, kwa hiyo ngojeni mizunguko yote miwili. Sisi tuliizunguka taratibu, tukishindana kutafuta madirisha tuliyoyajua: la mnara ule, la ofisi ile. Mbele kidogo kuna maelfu ya makasha ya fimbo za uchawi yaliyoandikwa majina ya waliofanya kazi kwenye filamu, waigizaji na mafundi pamoja, hakuna aliye juu ya mwenzake. Mdogo wangu alisoma kwa sauti majina ya watu wa idara ya mavazi, kila alipoyapata.

Dukani bei ni kali, jiandae. Yeye hakununua fimbo wala skafu. Ndani ya treni ya kurudi alitoa daftari akachora lile joho la wanafunzi, kofia ya mgongoni na mikono mipana, akaanza kupiga hesabu ya mita za kitambaa kwa joho la mtoto wa miaka tisa. Ana wateja wa mahafali, anasema, na hajapata kuona mkono wa joho uliokatwa vizuri namna ile.