Ndoo ya Mzee wa Migonzo

Mwaka 2011 nilikuwa naandika takwimu za samaki kwenye mwalo wa Kayenze, Mwanza, mahali mitumbwi ya Ziwa Victoria inapotua. Daftari lilikuwa na safu ya "samaki aliyelengwa", nami niliijaza kwa kutazama kilicholetwa na mtumbwi. Wakizidi sangara, naandika sangara. Wakizidi kamongo, kamongo.

Asubuhi moja mzee wa migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, alitua na kamongo watatu na kambale mmoja, basi. Nikamwamkia, nikapima, nikaandika. Akauliza nimeandika nini. Nikamsomea: kamongo.

"Mwanangu, nani kakwambia nilikwenda kutafuta kamongo?"

Akaniita mtumbwini. Ndani ya ndoo ya maji walibaki mumi wadogo, samaki wa jamii ya kambale, wazima, wanapindana. "Hiki chambo cha sangara. Sangara anataka kinachocheza, na mumi ni mgumu, anakaa hai kwenye ndoano mpaka alfajiri. Kamongo ningemtafuta kwenye mafunjo, sio kule kilindini." Alikuwa ametega jioni. Usiku upepo ukang'oa nanga, migonzo ikaburutwa mpaka kwenye mafunjo.

Kisha akaweka kiganjani ndoano mbili: namba 9, yake, na namba 12 aliyoiokota mchangani. Sikujua kwamba namba ikipanda, ndoano inapungua. "Mwenye hii anavua watoto," alisema, akiitupa ile ndogo. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Hilo nililijua, ila sikuwahi kuliona kwenye ndoano.

Nilirudi kwenye kurasa za nyuma, miezi miwili mizima, na iliniuma sana. Mtu aliyekesha akamkosa sangara, kwenye daftari langu alionekana mvuvi wa kamongo aliyepata. Sangara wangeweza kupungua ziwani na karatasi zangu zisiseme neno. Na wale wavuvi nisingeweza tena kuwauliza. Wengine walishahamia visiwani.

Nikachora safu mpya kwa rula: chambo gani, ndoano namba ngapi, ametega wapi, saa ngapi. Na nikaanza kwenda mwaloni jioni pia, wakati mitumbwi inaondoka, maana asubuhi chambo kimeshaliwa na mtu amechoka, anajibu ili umwache.

Jioni ya kwanza mzee alipita na ndoo yake. Kabla sijafungua mdomo, akaiinamisha upande wangu nione.