Siku yangu ya kuchuma dawa, kutoka umande hadi mizani

Saa 12 asubuhi. Nanoa kisu na panga, nakung'uta magunia ya katani. Mifuko ya plastiki haiendi porini: majani mabichi yakibanwa humo hupata joto na kuwa meusi kabla sijarudi.

Saa 1. Nimefika, ila umande bado upo, kwa hiyo sichumi. Nakagua mimea: jani, ua, gome, harufu ya jani lililofikichwa. Mimea inayofanana majani, mmoja huweza kuwa dawa na mwingine sumu. Nikiwa na shaka, naacha. Naacha pia iliyo kando ya barabara au shamba linalopuliziwa dawa za wadudu.

Saa 3. Majani yamekauka umande. Nachuma kidogo kidogo kila kichaka.

Saa 4. Magome, na hapa siendi haraka. Mti wenye kipenyo chini ya sentimita 30 siugusi. Mkubwa naubandua vipande viwili tu vya wima, pande zinazokabiliana, kila kimoja robo ya mzunguko wa shina. Ukilizungusha gome lote umeua mti, kwa kuwa chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kupitia gome la ndani. Panga lisifike kwenye mbao. Utando unaoteleza hapo ndio unaoleta gome jipya. Mti uitwao Prunus africana, ambao gome lake hutafutwa kwa maradhi ya tezi dume, ulibanduliwa hovyo mno hadi biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, mwaka 1995.

Saa 7 mchana. Mizizi naiosha na kuikatakata ikiwa mbichi, maana ikikauka kisu hakipiti. Majani nayatandaza kivulini juu ya chanja, tabaka jembamba. Jua kali hupausha rangi na kufukuza mafuta yenye harufu, na mnunuzi hununua harufu hiyo.

Saa 9. Nageuza mzigo wa siku zilizopita. Jani livunjike kwa mlio. Kikonyo kikipinda bado kina maji. Kufungasha hivyo ni kualika ukungu, na gunia moja huambukiza yote.

Saa 10 jioni. Mnunuzi hutumbukiza mkono katikati ya gunia, si juu. Anatafuta joto, unyevu, mchanga. Wachumaji wengine hulalamikia mizani, ilhali kilo tano za majani mabichi zikikauka huweza kubaki moja tu.

Kinachobaki nakiandikia jina la mmea, sehemu, mahali na tarehe, kisha nakiweka juu ya mbao, mbali na ukuta.