Kutafiti afya ya uzazi kwa wakimbizi wa mjini: maswali yanayofaa

Madodoso mengi huuliza, "Je, unapata huduma za uzazi wa mpango?" Mama Mkongomani aliyepanga chumba Nyalenda, Kisumu, atajibu ndiyo kwa adabu tu, na mtafiti ataondoka mikono mitupu. Afadhali asimulie mara ya mwisho alipotafuta huduma: alianzia wapi, aliombwa karatasi gani, kama ameandikishwa SHA (bima ya afya ya serikali) na kwa kitambulisho kipi, alilipa ngapi maabara, ngapi dawa, ngapi bodaboda. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya afya, ya uzazi ikiwemo, bila kutaja uraia. Kwa hiyo akirudishwa mapokezini, andika alirudishwa kwa maneno gani hasa.

Akiwa na kijitabu cha kliniki, omba kukiona. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 ya ujauzito, la kwanza ndani ya wiki 12. Linganisha na tarehe zilizomo. Sindano ya Depo ya kuzuia mimba hurudiwa kila miezi 3. Ukikuta pengo la miezi 5, pengine dawa iliisha kituoni, pengine alihama kutoka kambi ya Kakuma kadi ikabaki, pengine mume alikataa. Muulize, usimjazie.

Vibali vina mpangilio wake. Kamati ya maadili hutangulia (Chuo Kikuu cha Maseno kina yake), kwa sababu NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, huitaka hati hiyo kabla ya kutoa leseni ya utafiti. Baadaye ndipo uende idara ya afya ya kaunti na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi.

Kupata washiriki ni kazi nyingine. Ukianzia kwa mchungaji mmoja, utapata waumini wake tu. Anza na watu 4 au 5 wasiojuana: msusi, Msomali mwenye duka, mama wa Sudan Kusini anayesomesha watoto Nakuru. Kila mmoja apewe kuponi 3 za kuwaalika wenzake, na uandike nani alimleta nani na kila mmoja anajuana na wangapi, la sivyo wenye marafiki wengi watazidi kwenye matokeo na hutaweza kuyasawazisha.

Panapoharibika zaidi ni kwa mkalimani. Asiwe mume, mchungaji wala jirani. Jamii hizi ni ndogo. Habari ya mimba iliyotoka ikivuja, mwanamke hana pa kuweka uso. Mtoe mkalimani mji mwingine na umlipe nauli. Saini kwenye fomu ya ridhaa nayo huogofya, maana wapo waliosajiliwa kambini na wanaishi mjini bila kibali cha kutoka. Omba kamati ikubali ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi, na namba ya kitambulisho usiinakili kabisa.

Kama dodoso linagusa ubakaji, pa kumpeleka mtu pajulikane kabla ya mahojiano ya kwanza. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kipigie simu kituo ulichokiandika kwenye fomu, tena Jumamosi usiku, uulize kama dawa zipo na nani ana ufunguo wa kabati.