Siku Tuta Lilipoanza Kutoa Tope

Wengi waliotutembelea kwenye kituo chetu kidogo cha umeme wa maji walitaka kuona mtambo. Walisimama mbele ya jenereta, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyeomba kupelekwa nyuma ya tuta, chini kabisa kwenye kitako chake, penye majani na unyevu, ingawa usalama wa kila aliyeishi bondeni ulitegemea hapo. Bwawa letu lilikuwa dogo: tuta la udongo lililoziba mto mwembamba, utoro wa zege wa kupitishia maji ya ziada, bomba la kupeleka maji kwenye mtambo, na bomba jingine la zege lililopita chini ya tuta lenyewe, la kupunguzia maji ya bwawa ikibidi. Hilo la pili ndilo lililotutia kwenye matatizo.

Msimamizi wetu wa zamu, ambaye sote tulimwita Mzee, hakuwahi kuanza siku kwenye mtambo. Alitembea kwanza. Alipita juu ya tuta akitafuta nyufa na sehemu zilizotitia, kisha akashuka hadi kwenye mfereji uliokusanya maji yanayojipenyeza. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na hilo peke yake si ugonjwa. Mfereji wetu ulizibwa kwa bamba la chuma lenye pengo la umbo la V, la nyuzi 90, na maji yote yalilazimika kupita hapo. Maji yakisimama sentimita 5 juu ya ncha ya chini ya pengo, tuta linapitisha karibu lita 0.8 kwa sekunde. Yakifika sentimita 10, ni zaidi ya lita 4. Kina kimeongezeka mara mbili, maji yameongezeka zaidi ya mara tano. Ndiyo maana Mzee aligombana na yeyote aliyesoma kipimo kwa kukadiria.

Hata hivyo namba ilikuwa ya pili kwake. Kwanza alichota maji kwenye chupa ya kioo, akaiinua kwenye mwanga. "Maji safi yanavuja tu," alinieleza nilipoanza kazi. "Yenye tope yanachimba."

Siku ninayoikumbuka, mvua ilikuwa imenyesha kwa muda mrefu huko mto unakotoka. Bwawa lilikuwa limejaa na utoro ulikuwa unamwaga. Kipimo cha asubuhi kilikuwa cha kawaida. Kabla ya adhuhuri nilishuka na panga kufyeka vichaka kwenye kitako cha tuta, kazi ambayo watu huidharau, lakini mizizi hufungua njia ndani ya udongo, na vichaka huficha kile unachopaswa kukiona. Nilipokata kichaka kimoja karibu na mstari wa bomba la zege, nikaona kijichemchemi ambacho sikuwahi kukiona hapo. Maji yalisukuma chembe za mchanga juu, nazo zilikuwa zimejenga duara dogo kukizunguka. Nilichota kwenye chupa, nikaisimamisha juu ya jiwe. Baada ya dakika chache udongo ulikuwa umelala chini ya chupa.

Mzee alikuja haraka, akapiga magoti, akatia kidole kwenye maji na kuusugua udongo kati ya vidole. Hakusema neno kuhusu chemchemi. Alisema, "Mwanangu, nenda kafungue lango la chini. Mtambo uachwe ufanye kazi kwa nguvu zote, kila lita inayotoka inatusaidia."

Lango hilo, la bomba la kupunguzia maji ya bwawa, halikufunguka. Mchanga ulikuwa umejaa mbele yake na skrubu yake ilikuwa na kutu. Tulichomeka bomba refu la chuma kwenye gurudumu, tukalisukuma watu wanne hadi mikono ikachubuka, ndipo likanyanyuka kiasi cha kiganja na maji yakatoka kwa kishindo. Simu ya meneja ikalia. Alitaka kujua kwa nini tunamwaga maji ambayo ni umeme wa wiki nzima. Mzee alimjibu kwa heshima kwamba anampa taarifa, si kwamba anaomba ruhusa. Namheshimu kwa jibu hilo mpaka leo. Mwenye cheo chake angeweza kusubiri barua.

Wala hakutaka bwawa lishuke kwa pupa. Aliweka mtu kwenye kipimo cha kina asome kila nusu saa. Udongo wa upande wa maji ukiwa umelowa, na maji yanayouegemea yakiondoka ghafla, uso wa tuta unaweza kuporomoka. Siku ile mto uliendelea kuleta maji, kwa hiyo bwawa lilishuka taratibu hata bila kubembelezwa.

Ubishi mkubwa ulikuwa pale kwenye chemchemi. Watu wenye huruma walikuwa wamekusanyika, na mmoja alileta trekta lenye tela la udongo wa mfinyanzi. Alitaka kuumwaga juu ya tundu aliue. Mimi mwenyewe moyo wangu ulikuwa upande wake. Nani akiona tundu hataki kuliziba? Mzee alisimama mbele ya trekta. Ukiziba mahali maji yanapotokea, shinikizo ndani ya tuta linapanda na maji yanatafuta mlango mwingine, pengine mahali usipopaona. Kinachotakiwa ni kuyaruhusu maji yatoke na kuuzuia udongo usitoke nayo.

Akaagiza mchanga mkavu wa chenga kubwa, kokoto na mawe. Mchanga wa kwanza ulisombwa papo hapo. Akaamuru mawe yatangulie kuvunja nguvu ya maji, kisha mchanga, kisha kokoto, kisha mawe tena kuyagandamiza yote, na viroba vya mchanga vikazungushwa ili maji yapande kidogo na kurudisha uzito wake chini. Tulifanya hivyo saa nyingi mvuani. Maji hayakukoma na hakuna aliyetaka yakome. Tulichota chupa baada ya chupa na kuzipanga kwa mfuatano, na rangi ikaanza kufifia.

Mimi nilitolewa hapo nikatumwa bondeni, na sehemu hii ndiyo inayonikera zaidi. Hatukuwa na orodha ya nyumba. Hatukuwa na namba za simu wala king'ora. Niligonga mlango mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja mtu mzima aliniuliza, "Bwawa limebomoka?"

"Bado, mama."

"Sasa naondoka kwa lipi?"

"Likibomoka sitapata muda wa kurudi kukuambia."

Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na wajukuu wake.

Nilikuja kusoma baadaye habari za bwawa la Teton, Marekani. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 wafanyakazi waliona maji ya tope yakitoka. Matingatinga yalisukuma udongo kwenye tundu hadi tundu likayameza. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limepasuka, na watu 11 wakafa. Hilo lilikuwa bwawa kubwa. Bwawa la Kelly Barnes, jimbo la Georgia hukohuko Marekani, lilikuwa dogo kama letu, na zamani lilifua umeme wa chuo kilichokuwa bondeni mwake. Umeme ulipoachwa mwaka 1957 bwawa lilibaki. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua kubwa, lilibomoka likaua watu 39. Tangu hapo sisikilizi mtu anayepima hatari ya bwawa kwa urefu wa ukuta wake. Nauliza nani analala chini yake.

Bwawa lilipokwisha kushushwa, mafundi walichimba na kukuta njia ya maji kandokando ya bomba la zege. Wajenzi wa zamani walilizungushia vikingo vya zege wakiamini vitazuia maji, kumbe pembeni mwa vikingo udongo haukuweza kushindiliwa vizuri. Siku hizi mahali pake huwekwa ukanda wa mchanga wa kuchuja, nasi tuliwekewa huo. Lango la chini likapakwa grisi na kuzungushwa kila mwezi. King'ora kikafungwa.

Jaribio la kwanza la king'ora lilifanyika mchana wa jua. Nilisimama kilimani na saa mkononi. Vijana walifika mapema, lakini yule mama na wajukuu wake walifika wakati maji, kwa hesabu ya wahandisi, yangekuwa yameshapita mlangoni kwao. Mzee alirudi ofisini siku hiyo hiyo akaandika upya utaratibu: king'ora kinalia chupa ikionyesha tope, hakisubiri ufa wala amri ya meneja, na gari la kituo linaanzia nyumba ya yule mama.